Huko Uendako Kuna Miteremko

Garissa, baada ya swala ya alasiri

Aabo Nasteho, mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta sweta. Nimewasikia mkibishana tangu mlangoni, yeye akitaka la sufu nene na wewe ukisema huendi kwenye barafu, mpaka sauti zenu zikapotelea kona ya duka la maziwa ya ngamia. Nyumba imenyamaza ghafla, na kimya hiki sikipendi, maana kesho kitakuwa kirefu zaidi. Basi nimeketi barazani, mguu wangu mbovu nimeuegemeza juu ya debe, nikuandikie kabla hamjarudi. Wiki nzima nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo. Kila nikianza unanijibu, "Aabo, najua," na kweli unajua, nami nabaki nimeshika maneno yangu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuiandika shuleni Ijara. Kisomali tunakisema, tunakiimba na tunagombana nacho, lakini mimi sikupata mwalimu wa kunionyesha namna ya kukiweka kwenye karatasi. Usiyacheke makosa yangu.

Mambo ya kila siku siyagusi. Swala, chakula, kitambulisho kiwe karibu askari wakisimamisha basi, nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa, hayo yote mama yako ameshakueleza na atakueleza tena usiku wa leo mpaka usinzie. Mimi nina jambo moja linaloninyima raha. Ni ile mashine ya kukatia nyasi.

Njoroge, yule fundi wetu wa mashine, alipopiga simu kusema amekupatia kazi kwenye uwanja wa gofu huko nyanda za juu, penye mashamba ya chai, nilisema alhamdulillahi kwa sauti, majirani wakasikia. Kisha nikajitenga nyuma ya nyumba nikamwuliza polepole, "Uwanja wenyewe ukoje? Ni tambarare?"

Akacheka. "Mzee Abdi, tambarare iko kwenu. Huku ni milima, bwana."

Tangu hapo usingizi wangu ni wa kuazima. Nimekufundisha kuendesha mashine kwenye ardhi bapa kama sinia, halafu nakupeleka milimani. Ni kama mtu aliyemfundisha mwanawe kuogelea kwenye karai. Na mteremko mmoja tu ninaoujua mimi katika maisha yangu yote, ule wa nyuma ya hoteli, unajua ulinifanya nini.

Unajua, lakini uliuona ukiwa juu. Ngoja nikuambie ulivyoonekana kutoka chini.

Nianze na nyasi, kwa sababu kila kitu kilianza na nyasi. Tulipohama Kotile ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Ukame ulikuwa umekula ng'ombe wetu karibu wote, na hao waliobaki niliwaacha kwa ayeeyo wako, mama yangu, ambaye aliapa kwamba hatatoka kwenye ardhi ile akiwa hai. Nikaja mjini nikapata kazi hotelini kando ya mto, kumwagilia miti na kufagia majani. Bwana Kirimi, meneja, alikuwa na ndoto ya bustani ya harusi: uwanja mpana wa nyasi za kijani, watu wa Garissa waje waolee hapo badala ya kwenye vumbi. Akavuta maji mtoni, akapanda nyasi, nazo zikaota kwa wingi wa ajabu. Tulizikata kwa slasha mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ndipo akaleta mashine, mtumba, kutoka Nairobi, na Njoroge fundi akaja nayo kutufundisha.

Wafanyakazi waliiita Kizunguzungu siku hiyo hiyo, kwa sababu haihitaji nafasi ya kugeukia. Inazunguka pale pale iliposimama. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kukalia kiti chake kwa sababu Kirimi alisema, "Abdi amechunga ngamia, hawezi kushindwa na hii." Nikatafuta usukani. Hakuna usukani. Kuna mikono miwili ya chuma, huu wa kulia na huu wa kushoto, ukiisukuma yote mbele unakwenda, ukiivuta yote nyuma unarudi, ukiipishanisha unazunguka. Njoroge alieleza vizuri, nami nikaitikia vizuri, kisha nikaisukuma kama mtu anayefungua lango lililokwama. Kizunguzungu iliruka. Nikavuta nyuma kwa hofu, ikarudi kwa kasi ile ile. Mzee Dubow, mlinzi wa lango, alikuwa anapiga kelele, "Bole bole! Bole bole!" ndiyo polepole yake isiyo na p, huku anakimbia kujificha nyuma ya tangi la maji. Nilisimama ndani ya tuta la maua ya Kirimi, na watu wote walikuwa wamelala chini kwa kicheko.

Njoroge hakucheka. Alikuja akanishika viganja vyangu, akasema, "Mzee, hii haitaki nguvu. Inataka mtu asiye na haraka."

Neno hilo nililisikia kwa masikio tu.

Nilijifunza. Baada ya miezi nilikuwa naikata mistari iliyonyooka mpaka wageni wanapiga picha. Lakini ayeeyo wako alipokuja kututembelea mara ya kwanza na nikampeleka kumwonyesha kazi yangu, alisimama akatazama rundo la nyasi tunazokwenda kutupa shimoni. Aliinama akachukua konzi moja akainusa.

"Mnanunua petroli," akaniuliza, "mkate nyasi, halafu mzitupe?"

"Ndiyo, hooyo."

"Basi wenye hoteli hii hawajawahi kumwinua ng'ombe mwenye njaa kwa mkia asubuhi asimame."

 Kuanzia hapo sikutupa tena. Kirimi aliniruhusu nizijaze kwenye magunia, na binamu yangu Bare akawa anazipeleka Kotile kwa pikapu yake kila anapokwenda. Wewe ndiye uliyekuwa unashika mdomo wa gunia, unakumbuka, ukilalamika kwamba zinakuwasha shingo.

Sasa njoo kwenye ule ukame wa mwisho, mrefu. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unangoja matokeo. Mto wenyewe ulikuwa umenywea. Ayeeyo alikuwa amebakiwa na ng'ombe wachache wasioweza kutembea hadi malishoni, na kila akipiga simu alikuwa haulizi afya ya mtu, anauliza magunia. Uwanja wa hoteli nao ulikuwa umepungua, maji ya kumwagilia yalikuwa ya shida. Mahali pekee palipobaki na nyasi ndefu, nene, zenye unyevu, ni kule kwenye ukingo, chini ya ile safu ya miarobaini, ardhi inapoanza kushuka kwenda mtoni. Kirimi alikuwa amesema tangu mwanzo, na Njoroge alikuwa amesema kabla yake, kwamba mashine mwisho wake ni kwenye miarobaini. Kupita hapo ni slasha na miguu ya mtu.

Siku hiyo Bare alikuwa anaondoka baada ya adhuhuri. Magunia yangu yalikuwa mawili tu, na moja lilikuwa nusu. Nilisimama kwenye miarobaini nikatazama zile nyasi za ukingoni, na aabo, sikuziona kwa macho ya dereva. Niliziona kwa macho ya mchungaji. Nilisema, ni kipande kidogo. Nilisema, nitapita juu juu tu, sitashuka. Nilisema, Bare hawezi kuningoja nikiwa na slasha.

Matawi yalikuwa ya chini, kwa hivyo nilikunja kile chuma cha mgongoni kinachosimama kama upinde juu ya kichwa ili mashine ikipinduka isikulalie. Chuma kikiwa kimekunjwa hutakiwi kujifunga mkanda, kwa hivyo nikafungua na mkanda. Nilikusudia nikishapita miti nikisimamishe tena na nijifunge. Nikapita miti. Sikukisimamisha. Ningelazimika kushuka, na nilikuwa na haraka.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri, na huo ndio ulioniharibu. Mstari wa pili nikashuka kidogo. Nyasi za pale zilikuwa na maji chini yake ambayo sikuyaona. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili nilikuwa nimeambiwa na sikulielewa mpaka liliponipata. Magurudumu ya mbele ya mashine ile hayaongozi kitu. Yanazunguka tu kama ya kiti cha ofisini. Yanayokupeleka, yanayokugeuza na yanayokusimamisha ni yale mawili ya nyuma. Ya nyuma yakiteleza, umepoteza usukani na breki kwa mara moja. Unavuta mikono na hakuna anayekusikia. Nilivuta, nikasukuma, nikavuta. Mashine ilikuwa inashuka ubavu ubavu kimya kimya, kama mtu anayeteremka kitandani asiwaamshe wengine, na mimi nimekaa juu yake nikiangalia mto unakuja.

Ilipoinamia upande ilinitupa. Kilichoizuia isinifuate hadi majini ni kichaka cha mathenge, mti ule ule ambao sisi wafugaji tunaulaani kila siku kwa kung'oa meno ya mbuzi wetu. Ilinasa hapo, imelala ubavu, na mguu wangu ukiwa chini ya fremu. Injini ilikuwa imezima. Visu vilikuwa vimesimama. Na unajua kwa nini vilisimama? Kuna swichi chini ya kiti. Mwili ukiondoka kitini wakati visu vinazunguka, injini inakufa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwomba Njoroge aikate ile waya, kwa sababu kila nikijiinua kidogo kutazama mbele ilikuwa inanizimia. Nilimwomba zaidi ya mara moja. Alikataa akaniudhi. Kama angenisikiliza, leo ningekuwa naandika barua hii nikiwa sina mguu wa kuweka juu ya debe, au nisingekuwa naandika.

Nililala pale nikisikia petroli inadondoka. Miiba ya mathenge ilikuwa imenichoma mgongo mzima, na chini yangu, karibu kuliko ninavyopenda kukumbuka, maji ya mto yalikuwa yanapita yakiwa na rangi ya chai. Niliwaza mamba. Niliwaza cheche. Sikuwaza ng'ombe hata mmoja. Hilo nataka ulijue. Ng'ombe walionipeleka kule, hata sura zao zilinitoka.

Kisha nikasikia sauti yako juu, umeleta chakula. Ulipiga kelele mara moja tu, "Aabo!" halafu ukanyamaza, na nikadhani umekimbia. Kumbe ulikuwa unateremka kwa makalio, unashika mizizi. Ulifika ukanishika kichwa. Mikono yako ilikuwa na harufu ya canjeero, mikate uliyokuwa umeniletea. "Usifunge macho," ukaniambia. "Nitazame mimi. Usitazame mguu." Na Dubow alipofika ukingoni na vijana wa jikoni wakitaka kuivuta mashine harakaharaka, ni wewe uliyewazuia. "Ngojeni! Fungeni kamba kwanza kwenye mwarobaini. Ikiteleza tena inammaliza." Mzee Dubow husimulia mpaka leo kwamba alimtii msichana bila kuuliza ni binti wa nani.

Bare aliondoka na magunia yake mawili. Ng'ombe wa ayeeyo walikufa mwezi ule, wote. Wasingepona hata kama ningempa nyasi za ukingo mzima, maana mvua haikuja mpaka walipokwisha. Nimelifikiria sana jambo hili hospitalini na sijapata namna ya kulipamba. Niliuza mguu wangu kwa kitu ambacho hakikuwa kinauzwa.

Nilipokuwa nimelazwa bado, Kirimi alikuja na machungwa. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha. "Mzee Abdi, pole sana. Lakini harusi zinakuja. Itabidi nitafute mtu wa mashine." Mama yako alikuwa upande mmoja wa kitanda, wewe upande mwingine unamenya chungwa.

"Mtu yupo," ukasema.

Kirimi akatazama mlangoni, akidhani kuna mtu ameingia.

"Mimi," ukasema. "Yeye anifundishe. Hata kama amekaa kwenye kiti."

Mama yako hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo dalili yake mbaya. "Imemla baba," akasema, "sasa mnataka kuipa na mtoto ishushie?" Siku kadhaa alikuwa ananitulia sahani kwa kishindo, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Halafu jioni moja, nimeshatoka hospitalini, nikamkuta anashona. Alikuwa amekata jilbabu yako ikawa fupi, ameibana kiunoni, na ushungi ameutengeneza ukakaa shingoni bila ncha inayoning'inia. Hakuinua macho. "Kitambaa chake kikinaswa na mkanda wa injini nani atamfungua?" akaniuliza. "Kama mmeamua kunitia wasiwasi, angalau avae kitu kisichonaswa." Aabo, hiyo nguo uliyoifunga kwenye mzigo wako, usiibadilishe na nguo ya mtu yeyote kule, hata wakikupa sare. Waonyeshe. Waambie mama yako ni fundi.

Nilikufundisha nikiwa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, gongo mapajani. Wafanyakazi waliokuwa wapya walikuwa wanashangaa, baba anaitwa aabo na mtoto naye anaitwa aabo, nani ni baba hapa? Nilikuchosha, najua. Ulitaka kuwasha injini siku ya kwanza, nikakufanya utembee uwanja mzima kwa miguu ukiokota mawe, mifupa, vizibo vya soda na vipande vya waya. Ulinirudia na ndoo imejaa, umenuna. "Hii ni kazi ya kufagia, si ya udereva." Nikakufanya ukae kitini injini ikiwa imezima na unitajie kila kitu kinafanya nini. Ulipowasha hatimaye, nilikuambia ushike ile mikono kama unavyomkamua mbuzi mwenye kidonda kwenye kiwele, na mashine ikaondoka chini yako laini, bila kuruka, na nikageuza uso nijifanye naangalia mto. Nilikuwa nalia kidogo. Sasa umejua.

Lakini kulikuwa na siku ile ya harusi, na hiyo ndiyo hasa ninayoandikia. Hatujaizungumza tena tangu ilipotokea.

Mahema yalikuwa yameshasimama. Bibi harusi alikuwa anakuja baada ya alasiri, na kipande cha nyuma ya hema la wanawake kilikuwa hakijakatwa kwa sababu Kizunguzungu ilikuwa imekataa kuwaka asubuhi. Kirimi alikuwa anatembea huku na huku na simu sikioni. Mimi kitini nilikuwa naiona kazi yetu inaning'inia, kwa sababu alikuwa ameshasema maneno ya kutafuta kampuni ya bustani. Wewe ulikuwa umeingia kwenye pembe ya hema, unatakiwa urudi nyuma kidogo, ugeuke, umalize. Ni kitu cha kufumba na kufumbua. Ukazima injini.

"Nini?" nikapiga kelele. "Imekufa?"

Ulitikisa kichwa. Ulikuwa unajaribu kutazama nyuma yako, na turubai lilikuwa linakuzuia.

"Basi rudi nyuma! Unangoja nini? Watu wanafika!"

 Ulifungua mkanda.

Nikasimama kwa gongo langu, mbele ya wapishi, mbele ya waleta viti, mbele ya Kirimi, nikakuita mwoga. Nilisema kama unaogopa mashine ungekaa nyumbani upike. Nilisema kwa Kisomali na nikarudia kwa Kiswahili ili wote waelewe. Ulishuka bila kunitazama, ukazunguka nyuma ya mashine ukaingia kwenye lile pengo kati ya turubai na ua.

Na nyuma ya turubai kichwa cha ayeeyo kikainuka.

Alikuwa amekuja mjini kwa harusi ile ile, na alipoona nyasi zinakatwa alishindwa kuvumilia. Ng'ombe hana hata mmoja, lakini alikuwa amepiga magoti karibu kabisa na mashine, anakusanya nyasi kwenye shuka lake. Masikio yake unayajua, hayasikii vizuri. Alikutazama, akatazama mashine, akaudhika.

"Mbona umeizima?" akakuuliza. "Shuka langu halijajaa."

Wapishi walicheka. Kirimi alikaa chini kwenye nyasi akiwa na suti yake. Mimi nilishindwa hata kukaa. Nilikuwa nimesimama na gongo, na maneno niliyokutupia yalikuwa bado yapo hewani, hakuna aliyeyaokota. Wewe ulimwinua bibi yako, ukamkung'uta magoti, ukamfungia shuka lake vizuri, ukampeleka kivulini. Ukarudi, ukatazama tena nyuma, ukawasha, ukamaliza kipande kile. Bibi harusi alichelewa kama kawaida yao. Haraka yote ile ilikuwa ya bure.

Jioni ile uliniletea chai, nami nikaipokea nikainywa. Nilijiambia kwamba baba hamwombi mtoto radhi, mtoto anaelewa. Leo nakuomba. Nisamehe, Nasteho. Si kwa kelele tu. Nisamehe kwa sababu mimi, niliyelala chini ya mashine ile kwa ajili ya haraka, ndiye niliyekupigia kelele uharakishe. Nilidhani mguu ulishanifundisha. Mguu ulinifundisha kuogopa mto tu. Haraka yenyewe ilikuwa bado iko ndani yangu, nzima, na ilingoja siku ambayo nitakuwa naogopa kitu kingine.

Ndiyo maana siogopi kwamba hujui. Naogopa sauti za watu. Kule utakuwa mgeni, msichana, Msomali, umetoka mahali ambapo wenzako watasema kwani huko kuna nyasi? Utataka kuwaonyesha. Atakuja msimamizi mwenye wageni wanaongoja, atakuonyesha mteremko wenye umande na atasema, "Kata pale upesi, mwenzako wa jana alikuwa anakata." Huenda ni mtu mzuri. Mimi ni baba yako na ninakupenda, na nilipiga kelele.

Kuhusu milima yenyewe sina elimu ya kukupa, na hilo ndilo linaloniumiza. Nimemsumbua Njoroge kwa simu mpaka nadhani anaona jina langu anaacha iite. Anasema mteremko ambao mashine haiwezi kuupanda kinyumenyume, usiukate kabisa. Anasema asubuhi kule nyasi huwa na maji hata kama hakukunyesha, na kwamba viwanja vile vina mabwawa, ukae mbali na kingo zake, uachie slasha. Chuma cha mgongoni kisimame, mkanda ufungwe. Mimi nimeongeza langu moja: tembea kwanza kwa miguu yako. Kiatu kikiteleza, gurudumu halina ujanja kuliko kiatu. Lakini usinisikilize mimi peke yangu. Tafuta mtu wa pale aliyezeeka kwenye kazi hiyo akiwa na viungo vyake vyote, umwulize kila kitu, hata kama swali linakufanya uonekane mshamba. Uonekane mshamba, mwanangu. Uonekane hivyo kila siku.

Jana usiku mama yako aliniuliza kama nataka usiende. Nilimwambia sitaki. Kisha nikamwambia nataka. Akasema, "Amua moja, nipate kulala." Nimeamua. Nenda. Nilikuona ukizima injini mbele ya harusi nzima na baba yako anakutukana, na ukashuka kutazama. Mtu anayeweza hilo anaweza kwenda mbali na nyumbani.

Nawasikia mmefika kona, mama yako anacheka, kwa hivyo amelipata sweta lake. Nitaikunja barua hii niiweke kwenye mzigo wako, chini ya ile nguo, uisome ukishafika, ukiwa umekaa.

Siku ikija ambayo moyo wako utakataa na mtu atakupigia kelele, zima, shuka, simama chini kwa miguu yako miwili. Wakikufukuza, usibaki huko ukijieleza kwa mtu yeyote. Panda basi la kwanza. Nipigie tu uniambie umefika wapi, usiku au mchana, nami nitakuja stendi na gongo langu, nitakupokea mzigo, na sitakuuliza kwa nini.

Mungu akutangulie na akufuate nyuma, mahali ambapo macho yako hayafiki.

Ni mimi, aabo wako,
Abdi